Maandalizi ya Jumamosi: kuonyesha kwa siki mistari ya ufuaji wa chuma kwenye visu vya kale

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kwa kuwa wengi mmeuliza namna ya kuandaa visu vya wazee kabla hatujakutana Kirumba, Mwanza, naomba nieleze mapema. Chuma cha tanuru za kienyeji, kama kile cha wahunzi Warongo wa Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, hubaki na nyuzi za taka za tanuru ndani yake, na siki ikikila taratibu, nyuzi hizo hujitokeza kama mistari ya mbao. Sehemu yenye kaboni nyingi huwa nyeusi zaidi.

Siki nyeupe ya kupikia, ikiwa vuguvugu, inatosha. Sugueni bapa kwa msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 1000, lioshwe kwa sabuni, lipanguswe kwa spiriti, kisha lisiguswe kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huacha madoa. Lizamisheni kwenye siki dakika chache, mtazame, mrudie. Likitoka, lichovywe kwenye maji yenye magadi, likaushwe na kupakwa mafuta ya cherehani papo hapo, kwani unyevu wa ziwa huleta kutu upesi.

Maji ya betri nayakataza kabisa, kwa usalama wa macho na mikono yenu.

Kisu chenye historia ya ukoo msikiguse kwanza. Chuma kilicholiwa hakirudi, nami bado naumia kwa kisu cha babu nilichokiacha kwenye siki usiku kucha. Vya aina hiyo vileteni kama vilivyo, tuvitazame pamoja.