Kiwanja chako cha Mitengo

Chuno, Mtwara

Mama Rehema, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, wajukuu wanashinda mibiboni tu kwa kuwa msimu wa korosho umeingia. Barua yako nimeipata. Unauliza kiwanja cha marehemu baba kule Mitengo ukiuze au ukijenge. Usiuze, shoga. Najua shemeji atakukumbusha habari za gesi, kwa hiyo acha nianzie hapo hapo.

Gesi ilituroga, sikatai. Kila mwenye kaua kake alitaka nyumba ya wageni, kodi za Shangani zikapanda mpaka walimu wakahamia Magomeni. Zikaja vurugu za 2013 za kupinga gesi kupelekwa Dar, kisha 2015 bomba la Madimba likaanza kupeleka gesi Dar, wakandarasi wakafungasha virago. Vyumba vikabaki na buibui. Wazee wetu walishayaona hayo kabla: Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakatuachia bandari na reli ya kwenda Nachingwea, na kufikia 1951 karanga zenyewe hazipo. Reli nayo ikang'olewa miaka ya sitini mwanzoni. Kata ya Reli ipo hadi leo, wewe tafuta hata msumari wa reli kama utauona.

Wageni wa safari hii ni wanachuo, na hakuna aliyewatangaza. Wanashuka stendi na begi, ndoo na godoro limefungwa kamba, wanauliza bajaji ya kwenda chuo. Stella Maris, kile chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino), kipo tangu 2009. TIA, wale wa Taasisi ya Uhasibu, wana kampasi yao. Ongeza vyuo vya ualimu ulivyoviacha, VETA ya mafunzo ya ufundi, na watoto wa uuguzi. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 108,000 hivi manispaa nzima. Ya 2022 ikatukuta zaidi ya 146,000. Sisemi wote ni wanachuo. Bandari ina watu wake, na kiwanda cha saruji cha Dangote kimeleta wake. Ila mpangaji wa chumba kimoja, anayekula kwa mama lishe mchana na usiku, akatoa kopi kila siku, huyo ni mwanachuo. Vibanda vya steshenari sasa vinakaribia kushindana na maduka ya kanga.

Yule mama aliyekuwa akituuzia ming'oko, vile viazi pori vyetu, kwenye sinia siku hizi ana jiko la chipsi, anafunga saa sita usiku. Ming'oko bado anachemsha, lakini wateja wake wakubwa ni vijana wa Mwanza na Bukoba, wanaionja huku wanajipiga picha. Sisi wenyewe tunaipita! Mwezi huu ndio mji unapofura: minada ya korosho imeanza, wakulima wa Newala na Tandahimba wanasubiri malipo, na wanachuo wanarudi. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanachuo, likiingia utajua tu, foleni ya kutoa pesa inafika barabarani. Lakini njoo mwezi wa nane uone. Geto zimefungwa, bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, mama wa chipsi ananuna. Hilo shemeji alipigie hesabu: ni kodi ya miezi kumi, si kumi na miwili, na wengi wanapenda kulipa muhula kwa muhula.

Sasa Mitengo. Ulipoacha pale palikuwa mikorosho na njia ya miguu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko huko, ilianza kutoa huduma 2021, na hicho kimebadili kila kitu. Manesi hawaendi likizo ya muhula. Ndiyo maana nakwambia usimjengee mwanachuo peke yake. Vyumba vinne vya masta, kila kimoja na luku yake (ukiwaunganisha mita moja utakuwa hakimu kila mwisho wa mwezi), na tangi kubwa la maji. Usiweke marumaru za Dubai. Anza na viwili, kodi ya hivyo ijenge viwili vinavyobaki. Na hati kwanza, kabla ya tofali. Viwanja vya urithi visivyo na hati ndivyo vinavyogombaniwa sasa hivi bei ikipanda.

Moja linaniudhi na sitakuficha. Mji unakua kwa watu wanaopita. Kijana anamaliza, siku ya pili yuko kwenye basi la Dar, na kazi za kumzuia hapa ni chache. Hata njia yenyewe ya kuondokea haiaminiki sana. Mvua za Mei 2024 zilipokata barabara kule Somanga tulirudi enzi za kabla ya daraja la Mkapa pale mto Rufiji, malori yamepanga mstari. Vitunguu vilipanda hapa sokoni usipime.

Rehema mwambie aje asome uuguzi huku, atakaa kwangu mwaka wa kwanza. Chumba cha uani ni chake, kodi yake kunisaidia kubangua korosho.

Nitumie nakala ya karatasi za baba kabla ya mwisho wa mwezi, nizipeleke ardhi manispaa. Na umuulize shemeji kama fundi wake wa Masasi bado anajenga, au amezeeka kama sisi.

Wako,
Mama Saidi