Nazi za Rabai, mafuta ya Indonesia

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikuwa kwetu Rabai kuangua nazi. Mkwezi alikwea minazi 20, na ujira wake ni kwa mnazi, umezaa au haukuzaa. Dalali naye akaja kuhesabu kama ada yake: nazi ndogo mbili kwake ni moja. Nilipotoa pesa za mkwezi na nauli ya kurudi Mombasa, kilichobaki hakikufika bei ya mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia. Na mafuta yenyewe ni mawese ya Malaysia au Indonesia, yaliyoteremshwa hapa hapa Kilindini.

Sisemi meli zizuiwe. Mchikichi, mti wa mawese, hutoa mafuta mengi zaidi kwa ekari kuliko mnazi, na mama anayekaanga viazi vya karai hapa Kisauni hana deni la kulipia mapenzi yangu kwa minazi. Lakini mwezi Aprili 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimeshapandisha bei ya mafuta ya alizeti, Indonesia ilizuia mawese yake yasiuzwe nje kwa wiki kadhaa. Mama wa viazi alilalamika, na vipande vikapungua unene kwa bei ile ile. Mbata zetu, nazi zilizokaushwa za kukamua mafuta, zingefaa siku zile, ila nani bado anaanika mbata? Minazi mingi aliyoiacha babu sasa inagemwa tembo, pombe ya mnazi, kwa kuwa mgema analipa papo hapo. Simlaumu mtu.

Kinachoniuma ni chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka niliyoiona dukani mtaani kwetu. Imetoka India! Mnunuzi wa mafuta hayo hayalinganishi na mawese. Anataka nazi, na nazi tunazo. Hatuna pa kuzikamua.

Naomba serikali za kaunti za Kilifi na Kwale zifikirie mashine ndogo za kukamua huko vijijini, na miche pia, kwa sababu mnazi mrefu wa kwetu ukipandwa leo utaanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7. Kabla ya hayo yote, nazi ziuzwe kwa mizani. Mizani haihitaji mfadhili wala semina hotelini, na mavuno yajayo ni baada ya miezi michache tu.

Mkulima wa nazi,
Kisauni, Mombasa