Kuhusu chura wako asiyekula

Kwako Mwanaisha,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na imenitia simanzi, maana najua unavyompenda chura wako, na inauma kumwona amejikunyata tu huku nyenje wakimpita puani.

Nakuomba sana usimfungue kinywa kwa nguvu. Taya lake ni jembamba, huvunjika upesi. Chura mkubwa mwenye nyama mwilini huweza kukaa wiki kadhaa bila kula, kwa hiyo bado tuna nafasi ya kutafuta chanzo.

Mimi ningeanza na joto. Chura hana joto lake mwenyewe, hutegemea la mahali alipo. Akipoa, tumbo nalo linazubaa, na hata akila chakula hakisagiki. Wako ni wa mitini, wa nchi za joto, basi mchana anahitaji nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Weka kipimajoto pale anapolala, si juu kwenye kifuniko.

Halafu maji. Chura hanywi kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi ya tumbo na mapaja, na kila kilichomo majini kinamwingia. Tia dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza maji usiku kucha hakutoshi kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia. Na uyabadilishe kila siku.

Sasa, hili ndilo ninalotaka ulichunguze kuliko yote: je, hataki kula, au anataka ila hawezi? Usiku, taa zikiwa hafifu, mtilie nyenje mmoja tu, asiyezidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, kisha kaa kimya umtazame. Akikamata, utaona macho yanadidimia kichwani. Ndivyo anavyosukuma chakula kooni. Lakini akigeuka, akainama, akatupa ulimi na nyenje akajiendea zake, huenda ulimi haunati tena. Upungufu wa vitamini A huleta hali hiyo. Usijipimie dawa hapo, kwa sababu vitamini A ikizidi nayo inadhuru. Hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama anayewajua vyura. Asipomla, mtoe huyo nyenje, maana usiku humtafuna chura ngozi.

Mpime uzito kwenye mizani ya jikoni, ukimtia ndani ya kikopo chenye unyevu, na uandike. Uzito ukiendelea kushuka, usingoje. Ukiona wekundu tumboni au mapajani, uvimbe, au ngozi inabambuka kila mara, mpeleke siku hiyo hiyo. Kuvu wa ngozi aitwaye Batrachochytrium ameua vyura wengi mno duniani, ila akigunduliwa mapema dawa ipo. Chukua na kinyesi chake kama kipo, daktari atakihitaji.

Niandikie upesi uniambie ulimi ulifanyaje, na mizani imesema nini.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura