Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Mishahara mikubwa itangazwe kama bei ya karafuu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, mwenye dhamana ya Utumishi na Utawala Bora,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum, Mheshimiwa.

Nimesomesha skuli za hapa Pemba miaka thelathini na moja. Sasa nimestaafu, nipo Wete na mikarafuu michache niliyoachiwa na marehemu baba. Ombi langu ni hili: Serikali itangaze kila mwaka malipo ya watumishi wake wanaolipwa zaidi, mshahara pamoja na maposho yote, katika wizara na katika mashirika ya umma.

Nianze na karafuu, maana ndiko nilikolielewa jambo hili. Msimu ukifika, Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, linatangaza bei: daraja la kwanza kiasi hiki, la pili kiasi hiki, la tatu kiasi hiki. Kwa miaka mingi kilo ya daraja la kwanza ilikaa shilingi 14,000, na hakuna mtoto wa Konde wala wa Mtambile aliyekuwa haijui. Mchumaji anayelipwa kwa pishi aliijua, mwenye shamba aliijua, mwenye gari ya kubebea aliijua. Ukifika kituoni na gunia lako unaweza kubishana kama karafuu imekauka au bado, lakini bei hubishani nayo. Na hajatokea mtu akasema kuitangaza bei hiyo ni kufichua siri ya mkulima. Majirani wakiona majamvi yangu yameanikwa nje, wanajua msimu huu nitapata nini kabla sijakaa kupiga hesabu mwenyewe.

Pato la mkulima linajulikana kijiji kizima. Pato la mkurugenzi, ambaye sehemu ya mshahara wake inatokana na karafuu hizo hizo, limefungiwa kabatini. Nimelifikiria sana na sioni haki yake.

Mshahara wangu mimi haukuwa siri kwa yeyote. Mwalimu akiajiriwa, wenzake wanajua kaanza daraja gani na atapanda lini. Mwaka 2017 kima cha chini cha watumishi wa Serikali kilipopandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000, tulikisikia redioni, tukapeana mikono ofisini. Mwaka 2022 kikatangazwa tena, shilingi 347,000. Kiwango cha chini tunatangaziwa kwa kipaza sauti, na tunashukuru. Kiwango cha juu sijakisikia kikisomwa siku hata moja.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu nilikwenda ofisi moja ya umma, sitaitaja, nikaomba kuonyeshwa ngazi za mishahara ya vyeo vya juu. Nilitaka kuwasomesha watoto wa Fomu Tatu hesabu za uwiano kwa mfano wa kweli: cha juu kugawa kwa cha chini, tuone ni mara ngapi. Kijana niliyemkuta pale nilimsomesha mwenyewe. Akainamisha uso akaniambia, "Mwalimu, hilo haliruhusiwi." Nikamuuliza haliruhusiwi na sheria gani. Hakuijua. Sikumlaumu, kwa sababu na yeye kaambiwa hivyo na aliyemtangulia. Nilirudi darasani nikatumia mfano wa maembe, na moyo uliniuma.

Sheria ninayoijua mimi ni Katiba ya Zanzibar ya 1984. Ibara yake ya 18 inampa mtu uhuru wa kutafuta na kupokea habari, na inampa raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yaliyo muhimu kwa jamii. Tunayo pia Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kwa Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Ni sheria nzuri. Lakini mali ya mtu inaweza kuwa ya urithi, au ya jasho lake kabla hajashika madaraka. Mshahara tunamlipa sisi. Anayelipa ndiye wa kwanza kustahiki kujua analipa kiasi gani.

Pingamizi ninayoiheshimu ni moja, nami nitakaa nayo kidogo. Watu wanasema: visiwa vyetu ni vidogo, tunajuana. Ikijulikana kwamba fulani anapata kiasi kile, mlango wake hautafungwa tena. Mjomba atataka ada ya skuli, jirani atataka bati, msikiti utataka saruji, na atakayenyimwa atanuna mpaka Idi ya pili. Hayo ni kweli, nimeyaona.

Lakini nimeona na haya. Mwanafunzi wangu mmoja alipewa ukuu wa taasisi huko Unguja. Kwenye mabaraza ya hapa ikavuma kwamba analipwa milioni ishirini kwa mwezi. Nani aliyesema? Hakuna anayejua, lakini kila baraza lina hakika. Mama yake alipougua, watu waliokuja kumtazama wakawa wanahesabu mabati ya nyumba: milioni ishirini, na nyumba ya mama inavuja! Akaitwa mchoyo. Dada zake wenyewe wakaanza kumtilia shaka. Siku moja tumekaa wawili akanitolea slipu yake ya mshahara. Haikufika hata robo ya uvumi ule. Akaniomba nisimwambie mtu, kwa kuwa kazini kwake wamekatazwa, na mpaka leo sijamtaja.

Siri ile haikumlinda hata siku moja. Aliombwa kama mwenye milioni ishirini na akachukiwa kama mwenye milioni ishirini. Karatasi moja rasmi kwenye ubao ingemsafisha kuliko viapo elfu. Na pengine yuko mwengine anayelipwa kuliko hata uvumi unavyosema, na siri hiyo hiyo ndiyo inayomsitiri. Sisi wa nje hatuna njia ya kuwatofautisha, kwa hivyo tunawahukumu wote sawa. Hilo linanihuzunisha, kwa sababu wengi wao ni watoto wetu na wanafanya kazi kwa uaminifu.

Wenzetu wamelifanya. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wana tume ya mishahara na marupurupu, na viwango vya wakuu wa nchi yao vinachapishwa kwenye gazeti la Serikali. Huku kwetu Tanzania, mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba mshahara wake ni shilingi milioni 9 kwa mwezi. Mbingu hazikuanguka.

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa mbali, jimbo la Ontario huko Kanada, na umenifundisha kwa uzuri wake na kwa kosa lake. Tangu 1996 wana sheria inayotaka kila mtumishi wa umma anayelipwa dola 100,000 au zaidi kwa mwaka aorodheshwe hadharani: jina, cheo, mwajiri, mshahara, na marupurupu yanayokatwa kodi. Orodha hutoka kila mwaka, mwisho wake tarehe 31 Machi. Ya kwanza ilikuwa na watu elfu nne na kitu. Siku hizi inapindukia laki tatu, kwa kuwa kiwango kile hakijasogezwa tangu siku ya kwanza ilhali maisha yamepanda. Walimu na wauguzi wamejikuta ndani pamoja na wakuu wa mashirika makubwa, na anayemtafuta mwenye mshahara mkubwa khasa lazima apekue majina ya watu wa kawaida kwa maelfu.

Sisi tusilirudie kosa hilo. Mstari wetu ufungwe kwenye kima cha chini: atangazwe kila anayepokea mara kumi ya kima hicho au zaidi. Kwa shilingi 347,000 za 2022, mstari ungekuwa shilingi 3,470,000 kwa mwezi. Kima cha chini kikipanda, na mstari unapanda. Anayetaka kujificha chini ya mstari itambidi kwanza awapandishie wa chini.

Kuhusu majina, mimi si mkali. Wateule wa juu majina yao tunayasikia siku wanayoteuliwa, basi na malipo yao yatajwe pamoja nao. Daktari bingwa au mhandisi wa kawaida, cheo chake na taasisi yake vinatosha. Kwenye maposho, hapo sina ulegevu. Posho ya kikao, ya bodi, ya nyumba, ya simu, ya mafuta, ya safari, zote ziingie kwenye hesabu, na kama mtu anakaa bodi tatu, zijumlishwe zote tatu. Orodha ya mishahara mitupu itatuacha kwenye uvumi ule ule, tena ukiwa na muhuri wa Serikali.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wakiwa Chukwani wanapitisha bajeti, orodha hii iwekwe mbele yao, ibandikwe katika kila ofisi ya wilaya, Unguja na Pemba, na isomwe redioni kama inavyosomwa bei ya karafuu. Ningependa, Mheshimiwa, mstari wa kwanza kabisa uwe wa cheo chako mwenyewe.

Na ikiwa jibu ni hapana, naomba nalo liandikwe, litaje sheria na kifungu kinachokataza, ili niipeleke karatasi hiyo kwa yule kijana niliyemsomesha. Tangu siku ile bado namdai jibu.

Wako katika ujenzi wa nchi,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.