Bima ya safari, someni kabla hamjaondoka

Jamani habari zenu, bima msinunue tu ili viza itoke, someni ile karatasi mpaka mwisho hasa pale kwenye magonjwa uliyokuwa nayo kabla, maana kama una presha au sukari na hukuitaja kwenye fomu, ukilazwa huko wanaweza kugoma kulipa na deni lote likabaki kwako. Viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa muda mfupi, inataka bima isiyopungua yuro 30,000 na iwe inalipia hata kurudishwa nyumbani, hilo la kurudishwa msilidharau jamani ni ghali mno. Namba ya dharura ya bima iandikeni na kwenye karatasi, simu huzima. Risiti tunzeni. Mnaohamia kikazi, bima ya safari haiwatoshi, ulizeni bima ya wakazi wa huko. Mwenye swali aandike hapahapa.