Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa soka Kigoma: matusi ya jukwaani yaandikwe kama yalivyotamkwa

Kwa: Mwenyekiti, Chama cha Mpira wa Miguu Mkoa wa Kigoma
Nakala: Afisa Michezo wa Mkoa, viongozi wa matawi ya mashabiki

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam kutoka Ujiji. Mimi ni mwamuzi mstaafu, niliyeshika kibendera miaka mingi kuliko nilivyopuliza kipenga. Sina ugomvi na chama chako, wala sidai posho ya zamani. Nina ombi moja: makamishna wanaosimamia mechi za mkoa wetu, kuanzia ligi za wilaya hadi mabonanza yanayoombewa kibali, waagizwe kuandika kwenye ripoti zao, neno kwa neno, matusi ya kuwaita watu mashoga yanayoimbwa viwanjani.

Nitayataja hapa ili tusizungukane, maana na wewe umekulia mpirani na unayajua. "Msenge." "Shoga huyo." "Mtoto si riziki." Kwa wasichana wanaocheza kuna "jike dume", na lile baya zaidi, "mvueni tuhakikishe". Ripoti ikisema tu kwamba mashabiki walitumia lugha isiyo ya kistaarabu, anayeisoma mezani hajui kama kocha aliitwa mjinga au kama mtoto wa miaka 16 alitishiwa kuvuliwa nguo mbele ya watu. Mambo hayo mawili hayawezi kupewa adhabu moja.

Na kuandika tunajua, tukitaka. Timu ikiruka ukuta badala ya kupita mlangoni, au mtu akionekana anamwaga kitu golini, kamishna anaandika dakika, lango na hata alivyovaa mhusika. Bodi ya Ligi inatoza faini za imani za kishirikina msimu baada ya msimu. Hirizi inaandikwa, mtoto aliyetukanwa haandikwi.

Watu wa jukwaani hudhani mwamuzi hasikii. Mwamuzi wa kati kweli husikia kelele tu. Yuko mbali na akili yake iko kwenye mpira. Mshika kibendera anasikia maneno. Amewapa mashabiki mgongo, hatua chache kutoka kwenye kamba, na viwanja vyetu vingi vya mitaani havina hata uzio. Haruhusiwi kugeuka wala kujibu, na dakika 90 zote anatembea kwenye mstari uleule mbele ya watu walewale. Akinyanyua kibendera kwa kuotea, anaogeshwa matusi. Nimewahi kumsikia mtu mzima mwenzangu, ambaye tukikutana msikitini tunasalimiana kwa adabu zote, akinirushia kisogoni maneno ambayo asingethubutu kunitamkia sokoni. Mimi nilikuwa na mke na watoto, niliyaacha uwanjani. Ila karibu yangu walikaa waokota mipira, watoto wa darasa la tano na la sita, na kipindi cha pili kilipofika nao walikuwa wanaimba.

Najua jibu la kwanza litakalokuja: ni utani tu. Hapa naomba tukae kidogo, maana sisi watu wa magharibi mwa Tanzania hatuna wa kutufundisha utani. Mtani wangu ananitukana nami namrudishia. Siku ya harusi yangu ananizuia njiani mpaka nitoe chochote, na siku nikifa anakuja msibani kufanya vituko vyake, watu wanacheka huku wanalia, halafu anashika jembe na kuchimba kaburi. Utani una zamu. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi kwa sababu leo unanicheka mimi, mzunguko wa pili nakucheka wewe. Sasa niambie, Ndugu Mwenyekiti: kijana anayeitwa msenge na jukwaa zima anarudisha nini? Akikasirika, watasema kumbe kweli. Akinyamaza, kumbe kweli. Akicheka nao, ndiyo kabisa. Na hao wanaoimba, akifiwa kesho, nani kati yao atakwenda kwake kushika jembe?

Kwa wasichana hali ni mbaya zaidi, na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike. Tangu nistaafu nimekuwa nikisaidia timu ya shule moja kujiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Sitaitaja shule, wala uwanja tulikokwenda kucheza mechi ya kirafiki. Kipa wetu alikuwa mrefu, nywele amekata chini kama wanafunzi wengi wanavyotakiwa wakate. Kundi la vijana likahamia nyuma ya goli lake. Mwanzo walisema "dume hilo", tukadhani watachoka. Kipindi cha pili wakamchagua beki wetu mmoja, rafiki yake, wakasema huyo ndiye mkewe, na kila kipa alipodaka mpira wakawaimbia wimbo wa harusi. Mabinti wote wawili walicheza mpaka filimbi ya mwisho, na tulishinda. Wiki iliyofuata baba wa yule beki alikuja shuleni. Alikuwa mpole kabisa. Akaomba binti yake aondolewe kwenye timu kwa sababu maneno yamefika nyumbani. Huyo mzee hakuwa ameambiwa kwamba bintiye ametukanwa. Alikuwa ameambiwa kwamba bintiye ni msagaji. Kejeli iliyoanzia nyuma ya goli ilikuwa imefika mtaani kwao kama taarifa. Ripoti ya mechi ilisema mchezo ulimalizika salama.

Halafu tunaulizana kwa nini wazazi hawawaachii mabinti wacheze.

Jibu la pili ni zito zaidi na sitalikwepa. Litasemwa kwamba anayeyapinga maneno haya anatetea ushoga, kwamba ametumwa, kwamba ni ajenda ya Wazungu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema inavyosema kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na sijapata kukutana na Mtanzania asiyejua hilo. Lakini Kanuni hiyohiyo, kifungu cha 89, inamtia hatiani anayemtukana mwenzake kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani, na haikuweka mwanya kwamba ukimwita msenge ni ruksa. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kila mtu. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, na tiketi ya mzunguko haimfanyi mtu kuwa hakimu.

Nami niseme langu, kwa kuwa umri wa kuogopa umeshanipita. Wanaopenda watu wa jinsia yao wapo. Wapo Ujiji, wapo Mwanga, wapo Kasulu. Ni watoto wa watu tunaofahamiana, na goli likiingia wananyanyuka pamoja na sisi. Wengine wamo jukwaani humohumo wimbo unapoanza, na nadhani wapo wanaouimba kwa nguvu kuliko wote ili wasitazamwe. Sihitaji kukubaliana na mtu juu ya maisha yake ya ndani ndipo nikatae adhalilishwe mbele ya watoto.

Mpira umeshaona mambo haya yanakofika. Justin Fashanu, ambaye baba yake alikuwa Mnigeria, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni 1, Nottingham Forest walipomchukua mwaka 1981. Mwaka 1990 alisema hadharani kwamba yeye ni shoga. Majukwaa hayakumwacha, ndugu yake wa damu alimkana hadharani, na Mei 1998 alijiua London akiwa na miaka 37. Atakayesema hayo ni ya Ulaya, nitamkumbusha Eudy Simelane, kiungo aliyeichezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini. Hakuficha kwamba anapenda wanawake. Aprili 2008 alibakwa na kuuawa kwao KwaThema. Sisemi jukwaa ndilo lililomuua. Nasema watoto wanaoimba "mvueni tuhakikishe" hawabaki kuwa watoto.

Kwa upande wa kanuni huna haja ya kutunga kitu. Tanzania imo FIFA tangu 1964, na ibara ya 4 ya katiba ya FIFA inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia, ulemavu, na wa mwelekeo wa kimapenzi pia. Kanuni za nidhamu zinampa mwamuzi hatua tatu: kusimamisha mchezo ili tangazo litolewe, kuwatoa wachezaji uwanjani kwa muda, na mwisho kuvunja mchezo. Wenzetu wamezitumia. Agosti 2019 mwamuzi Clément Turpin aliisimamisha mechi ya Nice na Marseille kwa sababu ya mabango na nyimbo za kuwakashifu mashoga. Meksiko wametozwa faini na FIFA tena na tena kwa neno moja ambalo mashabiki wao humpigia kipa wa wapinzani anapopiga goli kiki, na mwaka 2021 walicheza na Jamaika kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ndani ya uwanja wao wa Azteca ukiwa mtupu. Uwanja mtupu hata sisi tunaujua. Januari 2025 Simba ilicheza na CS Constantine ya Algeria kwa Mkapa bila mashabiki, kwa vurugu za mechi yake na Sfaxien ya Tunisia ya mwezi uliotangulia.

Lakini nisikufiche. Faini haikuliua lile neno la Meksiko. Lilisikika tena Qatar kwenye Kombe la Dunia la 2022, na Juni 2023 mechi yao na Marekani mjini Las Vegas ilimalizwa kabla ya muda wake kwa sababu hiyohiyo. Faini inalipwa na shirikisho, aliyepiga kelele yuko nyumbani anakula. Kwa hiyo sikuombi uanze na faini.

Sisi tuna matawi. Shabiki wetu ana tawi, tawi lina mwenyekiti na katibu, lina mtu wa ngoma na mtu wa kuanzisha wimbo. Nyimbo zile haziibuki zenyewe. Zina waanzilishi wawili watatu, na ukikaa jukwaa hilo mechi chache unawajua kwa sura. Kwenye kikao cha kabla ya mechi, mkimaliza habari za rangi za jezi na gari la wagonjwa, waiteni viongozi wa matawi kwa dakika 10. Waambiwe kwamba wimbo wa namna hii ukianzishwa, mtangazaji wa uwanja atatoa tangazo na jina la tawi litaingia kwenye ripoti. Askari hatahitajika. Mtu wa tawi anaogopa kukosa nafasi kwenye basi la safari ya Dar kuliko anavyoogopa rumande.

Mtangazaji naye aandikiwe maneno mapema, mafupi, yasiyo na mahubiri. Na aangaliwe yeye mwenyewe. Kwenye ndondo, mechi zetu za mitaani, nimewasikia wenye spika wakiwa ndio wachochezi wakuu, kwa sababu kejeli ya aina hiyo inachekesha upesi na haihitaji akili.

Najua mechi za Ligi Kuu ziko chini ya Bodi ya Ligi, haziko chini yako. Lakini shabiki ni mmoja. Anayekaa uwanja wa Lake Tanganyika Jumamosi kuitazama timu yetu ya Mashujaa ndiye aliyekuwa kwenye ndondo ya mtaani katikati ya wiki, na tabia yake ameichukua huko. Mkoa wetu sasa unatazamwa. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2021 ilichezwa hapa, Simba na Yanga, bao la Taddeo Lwanga. Mashujaa imo Ligi Kuu tangu msimu wa 2023/24, na Aprili 2024 iliitoa Simba kwa penalti kwenye uwanja huohuo. Kamera za televisheni zimeshazoea njia ya kuja Kigoma, na maikrofoni za kando ya uwanja hazichagui cha kurusha. AFCON ya 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda, na watakaopanda treni kwenda kuishangilia Taifa Stars ni hawahawa.

Fomu ya ripoti haihitaji kubadilishwa. Sehemu ya mwenendo wa mashabiki ipo, inatosha. Kinachotakiwa ni kamishna ajue kwamba anatakiwa kujaza dakika, upande wa jukwaa, maneno yenyewe bila kuyafunika, nani alielekezewa, na kama tangazo lilitolewa au la. Aulize pia washika vibendera wote wawili kabla hawajavua jezi; wao ndio waliosikia. Kwa mechi za wasichana ningeomba kamishna awe mwanamke kila inapowezekana, kwa sababu kuna maneno binti hatayarudia mbele ya mwanamume wa umri wa baba yake.

Kabla ligi ya mkoa haijaanza, makamishna hukutanishwa kwa semina. Naomba saa moja ya semina hiyo, bila posho. Nitakuja na mifano ya matukio, majina yakiwa yamefutwa, tuyaandike pamoja mpaka yaandikike. Nikipewa tarehe nitafika.

Wako katika michezo,

Mwamuzi mstaafu
Ujiji, Kigoma