Skana ya kaunta, Jumapili usiku

Asalaam aleykum wana duka. Fundi wa skana, kile kifaa cha kusoma mistari (barcode) ya bidhaa, anakuja Jumapili saa 2 usiku tukishafunga. Tunaanza na kaunta ya mlangoni tu, ya pili isubiri tuzoee kwanza. Skana yenyewe inachomekwa kwenye kompyuta kama kibodi, haina shida. Kazi iko kwenye kuingiza bidhaa kwenye kompyuta. Sabuni na biskuti zina mistari yake na namba ya tarakimu 13 chini. Ikianza na 620, namba hiyo imesajiliwa Tanzania. Korosho na dagaa tunazopima wenyewe hazina, tutabandika lebo zetu. Dada zangu wa kaunta, pakiti ikikunjamana inyoosheni kwanza, la sivyo haisomi. Na aliyeazima ekstensheni kuipeleka Shangani airudishe, jamani.